Bila Paa Hakuna Matembezi

3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Nimefika salama. Njia nzima mguu uliobaki ulivimba, na ule uliokatwa uliniwasha kana kwamba bado uko. Daktari alinionya: mguu ukiondoka, kichwa hakipewi taarifa mapema. Binamu yako amenipa chumba kizuri ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Anasema nisiwe na wasiwasi, lifti ipo na fundi wake ni yeye mwenyewe. Kila nikitaja kurudi nyumbani ananijibu, "Mama, tulia kwanza." Neno "tulia" sasa nalichukia kama dawa chungu.

Tuje kwenye la maana. Matembezi ya mji wa kale nimekuachia wewe. Najua wewe ni mkata tiketi wa makumbusho, si mtembezaji wa wageni, na sauti yako haifiki hata kwa mtu wa pili kwenye foleni. Jina la Chiriku nilikupa kwa utani na utani umeganda. Lakini miaka yote hiyo umenisikia nikipita mbele ya kidirisha chako na wageni wangu, kwa hiyo maneno unayo. Utaanzia langoni, upite nyumba ya mizani, kisha kiwanda cha zamani cha chapa, kisha kichochoro kile ambacho watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Halafu utapanda Ngazi za Wachukuzi, uingie makumbusho na umalizie juu ya paa.

Paa usiliruke hata mvua ikinyesha. Wageni wanashinda asubuhi nzima katikati ya kuta, hawaoni mbali kuliko kisogo cha aliye mbele yao. Paani ndipo wanapoona walikopita na jinsi nyumba zilivyoshikana. Wakifika, waambie kila mmoja aonyeshe kwa kidole lango tulikoanzia. Wataonyesha ovyo, watacheka, na hapo ndipo watakapoanza kutazama.

Simu sitaki. Kwenye simu utasema "huku kwema" na kukata. Niandikie. Mtu akiandika inabidi awe ametazama kwanza.

Na nikuambie mapema: nitarudi kuyaongoza mwenyewe. Usimwambie mtu, wasije wakakuonea huruma kwa niaba yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Shangazi yako

*

11 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimetazama, sasa naandika. Matembezi yangu ya kwanza yalikuwa aibu tupu.

Langoni nilisema yote niliyokariri kwa pumzi moja, kisha nikabaki nimesimama. Kwenye nyumba ya mizani hakuna aliyekubali kupimwa kwenye ile mizani kubwa ya magunia, ikabidi nipande mimi, na wageni wakasoma uzito wangu kwa sauti. Kichochoroni mzee mmoja akaniuliza, "Binti, unaongea na sisi au na huo ukuta?" Nilikuwa naongea na ukuta. Kwenye Ngazi za Wachukuzi nilisahau kila kitu, nikasema, "Hizi ni ngazi," tukapanda.

Paani niliwaambia waonyeshe lango. Wote walikosea. Na mimi pia nilikosea, Shangazi, mama mmoja akanisahihisha kwa ramani ya simu yake.

Lakini wiki ijayo natoka tena. Nimeshaaibika, kilichobaki ni kujifunza.

Mkurugenzi wa makumbusho aliniita ofisini kwake. Si jambo kubwa. Na jingine, tafadhali usiniulize sababu: una uzito gani siku hizi?

Mwanao, Chiriku

*

18 Februari

Wewe Chiriku,

Marahaba, na uzito wangu unautakia nini? Mimi ni mbuzi wa mnadani? Nina uzito wa mama mtu mzima aliyepungua mguu mmoja na hajapungua ulimi. Kama unataka kujua zaidi, kadiria.

Umenichekesha na huo ukuta, mpaka binamu yako akaja kuchungulia kama nimezidiwa. Sikiliza. Usiongee na kundi, kundi halina masikio. Chagua mtu mmoja aliye nyuma kabisa, anayefikiria chakula cha mchana, umsimulie yeye. Wengine watasikia kwa wivu.

Ngazi za Wachukuzi hazijifungui kwa mtu anayekimbia. Waambie wainame. Upande wa ukutani, mawe yamelika na kuwa kama bakuli, upande wa nje bado yana kona. Waulize kwa nini. Waache wabahatishe, kisha uwaambie: aliyepanda na mzigo mgongoni aliuegemea ukuta, aliyeshuka mikono mitupu alipita popote. Halafu wapapase ukuta wenyewe. Kuna mahali, usawa wa kifua, jiwe limelainika kama sabuni. Hiyo ni mikono ya watu waliochoka.

Hapa sina habari. Nakaa, nakula, napigwa picha na wajukuu. Mguu wa bandia umeletwa, uko nyuma ya mlango kama mgeni asiyekaribishwa.

Na mimi nina swali, nawe usiniulize sababu. Ile ngazi ya mwisho ya kutokea paani, kishikio kiko mkono gani mtu akiwa anapanda?

Shangazi yako

*

26 Februari

Shikamoo Shangazi,

Swali lako limeninyima raha. Ngazi hiyo ulianza kuipanda kabla mimi sijazaliwa. Kishikio kiko kushoto. Kulia ni ukuta mtupu. Unalala vizuri lakini? Dawa zako unazikumbuka bila kukumbushwa? Usinikasirikie, nauliza tu.

Ushauri wako umefanya kazi. Nilimchagua kijana mmoja aliyekuwa anapiga miayo, nikamsimulia yeye habari za mawe yaliyolika. Alipogusa lile jiwe laini alitoa kofia. Sijui kwa nini, lakini alitoa kofia, na wenzake wakaja kuligusa.

Nimeanza kuzurura mwenyewe baada ya kazi. Nyuma ya kiwanda cha chapa kuna njia inayozunguka polepole, mteremko wake mtu hausikii. Ulishawahi kuipita? Kuna nyumba yenye dirisha la ajabu, la chini mno, kizingiti chake kinafika usawa wa goti. Nilidhani barabara imepanda. Kumbe lilikuwa duka, muuzaji na mteja wote walifanya biashara wamekaa. Ukisimama hulioni vizuri, mpaka ukae. Ndani ya kizingiti jiwe limelika mahali palipowekwa viwiko.

Mengine yote yako sawa.

Mwanao, Chiriku

*

9 Machi

Chiriku,

Mengine yote hayako sawa. Bawabu wa makumbusho amenipigia, na Bawabu hajui kusema uongo, akili yake haina nafasi hiyo. Anasema umepeleka kwa Mkurugenzi njia mpya. Ngazi za Wachukuzi umezikata. Paa umelikata. Wageni wataishia uani, chini, kama watu waliokuja kupokea maiti.

Niliyakusanya matembezi hayo jiwe kwa jiwe. Nilibisha hodi kwenye nyumba za watu nikafukuzwa, nikarudi, nikafukuzwa tena. Leo mkata tiketi anayafupisha kwa sababu kupanda kunamchosha! Kama umechoka, sema umechoka. Usiyachinje nikiwa hai.

Na hilo la kuniuliza kama nakumbuka dawa zangu nimelielewa. Mnaniona nimekwisha. Mwanangu ananiambia nitulie, wewe unanipima akili, Mkurugenzi sijui ananipima nini. Bila paa hakuna matembezi. Andika hilo juu ya mlango wa ofisi yake, na jina langu uliweke chini.

Shangazi yako, ambaye bado anajua kushoto na kulia

*

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sasa ni zamu yangu.

Siku ile Mkurugenzi aliponiita, aliniambia hivi: hakuna mgeni anayeruhusiwa paani bila mtembezaji kuwa naye, kwa hiyo asiyeweza kufika paani hawezi kuwa mtembezaji. Akasema anasikitika. Akaniuliza kama nataka nafasi yako moja kwa moja. Nilimwambia hapana. Nikamwambia, kama tatizo ni paa, basi paa liondoke, Shangazi abaki. Akacheka, akasema, "Haya, niletee njia isiyo na ngazi, nitaitazama."

Nikaenda kuitafuta. Niliazima kiti cha magurudumu zahanati. Nilikuuliza uzito ukanitukana, basi nikakadiria kama ulivyoniagiza: nikachukua gunia la chokaa kwa mafundi, nikalipima kwenye nyumba ya mizani, nikaongeza matofali mawili, nikalifunga kitini kwa kamba, nikalisukuma mji mzima wa kale jua la mchana. Watoto walinifuata wakiimba. Gunia liliniangukia mara mbili mlangoni kwa watu. Njia iliponishinda nilirudi, nikatafuta nyingine. Lile dirisha la chini nililiona kwa sababu nilichoka, nikamshusha huyo Shangazi wa chokaa nikakaa mahali pake.

Ndiyo, nimelikata paa. Nimelikata kwa ajili yako, urudi kazini kwako. Nilikuficha kwa sababu nilijua ukiisikia ile kauli ya Mkurugenzi ungevunjika moyo. Sikufikiri kwamba ungenivunja mimi.

Kama hutaki, sema. Lakini usiseme nimechoka.

Chiriku

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijawahi kukuandikia barua na mwandiko wangu unausamehe, nimezoea kuandika "lifti mbovu" na kubandika mlangoni.

Mama hajui kama nakuandikia. Barua yako ya mwisho ilipofika aliisoma, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisikia analia, na mama yangu sijamsikia akilia tangu marehemu baba. Nikasema basi, ameumia. Nilitaka hata kukupigia nikuseme.

Kumbe ndugu yangu sijui kinachoendelea nyumbani kwangu mwenyewe. Juzi jirani wa ghorofa ya pili amenisimamisha: "Fundi, lifti imeharibika tena?" Nikamwambia iko nzima. Akaniuliza, "Sasa mama yako anapandaje ngazi kila asubuhi?" Jana asubuhi nikajifanya nimekwenda kazini, kumbe nimejificha nyuma ya mlango wa mita za umeme, aibu zangu. Nikamwona. Amevaa ule mguu wa bandia aliouita mgeni. Mkongojo kulia, mkono wa kushoto kwenye kishikio. Anapanda, anakaa, anatukana, anapanda. Alianza tangu Februari. Alama za magotini alizoniambia ni upele si upele.

Tena kuna jambo moja silielewi. Ngazi zetu zina vishikio pande zote mbili. Yeye hushika cha kushoto peke yake. Jirani alimpisha apite upande wa kulia penye nafasi, akakataa kabisa. Akamwambia, "Kulia ni ukuta."

Daktari anasema ni mapema. Mimi nasema atulie. Lakini wewe unamjua kuliko mimi katika mambo haya ya ngazi, ndiyo maana nakuuliza: nimzuie?

Kaka yako, fundi

*

6 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa barua yangu iliyopita. Si kwa yaliyomo, kwa ukali wake tu.

Nimezungumza na Mkurugenzi. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano tutafanya matembezi makubwa. Wageni wamealikwa wa kila namna, wenye miguu na wenye magurudumu. Mimi nitawapitisha njia yangu mpaka uani. Paa nimelirudisha. Watakaotaka kupanda watapanda. Nani wa kuwapandisha, hilo nakuachia wewe. Mkurugenzi anajua kwamba nakusubiri, na amesema atakuja kuona kwa macho yake.

Sina mengi. Ila kishikio bado kiko kushoto. Nimekitikisa mwenyewe, hakichezi.

Mwanao, Chiriku

*

13 Aprili

Chiriku,

Binamu yako nimemjua, ana mdomo kama mlango wa lifti, haukai umefungwa. Nitamshughulikia.

Nakuja. Ngazi za Wachukuzi nitaanza nazo peke yangu mapema, kabla ya wageni, tusije tukachelewesha watu. Tutakutana uani. Kiti cha magurudumu ukipenda kilete, atakikalia binamu yako, maana ndiye atakayechoka.

Shangazi yako

*

28 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umefika na umelala. Najua ulikuwepo, kwa hiyo huna haja ya kusimuliwa. Lakini ulikuwa unatazama vidato, watu hukuwaona. Acha nikuonyeshe.

Ulipoingia uani umejaa vumbi la chokaa begani, Bawabu alijua umeuegemea ukuta wa Ngazi za Wachukuzi. Aliligusa bega lako kama anakupangusa, kisha akatazama mkono wake, akaenda nyuma ya mlango. Aliporudi alisema kuna moshi. Hakukuwa na moshi.

Ghorofa ya kwanza Mkurugenzi alikuwa nyuma yako, anatazama saa. Ghorofa ya pili aliifunika saa kwa mkono wa shati. Kaka alibaki uani anatazama juu, anapima ua kwa macho, na kabla sijawafuata nilimsikia anajisemea, "Lifti hapa ingekaa." Nashukuru hukusikia.

Kisha ukakwama. Ile ngazi ya mwisho, katikati. Uso wako ulibadilika rangi, na mguu ule haukukubali. Nilitaka kuja. Wageni wote walikuwa wanakutazama. Ukasema, "Msinitazame mimi, tazameni dari." Wakatazama. Ukawauliza kwa nini vyumba vyote vya nyumba hii ya makumbusho ni vyembamba na virefu kama korido, ilhali tajiri aliyeijenga alikuwa na nafasi. Wakabahatisha. Ukawaambia wahesabu boriti, kisha ukawaambia chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti uliopatikana. Walipokuwa bado wanastaajabu na shingo zao juu, ulikuwa umeshapanda. Hata umekwama ulikuwa unaongoza, Shangazi. Mimi nililia wazi, sikusingizia moshi.

Paani uliwaambia waonyeshe lango, wakakosea kama kawaida. Halafu ukafanya jambo ambalo hujawahi kulifanya. Ukasogea ukingoni, ukaita chini uani, na waliobaki chini nao ukawaambia waonyeshe. Sauti yako ilishuka ghorofa zote bila kupotea hata neno. Walioishi nyumba hii lazima waliitana hivyo. Yule mama wa kiti cha magurudumu ndiye peke yake aliyelenga lango barabara. Ulimuuliza amejuaje, akakujibu, "Njia ya huyu binti haizungushi watu kichwa." Ulinyamaza. Nimekujua maisha yangu yote, sijawahi kukuona umenyamaza hadharani.

Leo Mkurugenzi amepita kwenye kidirisha changu, ameuliza swali moja tu: "Anarudi lini?" Hakuuliza kama unarudi. Nimemwambia nitakuandikia.

Na jambo dogo. Ulishuka mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine begani kwangu, kila mtu akadhani mkongojo ameubeba mwenzake. Bawabu ameukuta paani leo akifagia, umeegemezwa kwenye ukingo. Hukai bila huo, najua. Kesho nautuma kwa basi la asubuhi.

Mwanao, Chiriku

*

4 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Ole wako uutume.

Naandika nikiwa kitandani. Kigutu kimechubuka, binti wa hospitali anayenifanyisha mazoezi amenigombeza mpaka akaishiwa maneno, na daktari amenipiga marufuku ngazi mpaka ngozi ipone. Nimekubali. Usishtuke, nimekubali kweli. Nilipokwama pale katikati niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko siku ya kukatwa mguu, na niliwaambia watazame dari kwa sababu nilikuwa nakaribia kulia. Lile jiwe laini la Ngazi za Wachukuzi nimelieleza miaka mingi, lakini asubuhi ile ndipo nilipolishika kwa sababu sikuwa na jingine la kushika.

Yule mama wa kiti sijamsahau. Kila siku nilikuwa nikiwaacha watu kama yeye langoni, nikiwaambia pole. Njia yako mtu asiiite njia ya nyuma. Hayo ni matembezi kamili, yana mlango wake na dirisha lake la chini ambalo mimi nililipita nimesimama miaka yote nisilione. Utayaongoza wewe. Kidirisha cha tiketi watafute mtu mwingine, mwenye sauti ndogo zaidi.

Yangu yanaishia juu. Mwambie Mkurugenzi nitarudi ngozi ikipona, na si kabla.

Mkongojo sikuusahau. Niliuegemeza pale makusudi ulipokuwa unawapanga wageni washuke, upande unaotazama langoni. Mwambie Bawabu akifagia auzunguke, asiuguse. Nitaufuata mwenyewe.

Binamu yako amesoma hapa juu ya bega langu, anauliza nitapandaje kuufuata mkongojo bila mkongojo. Nimemwambia hayo ndiyo mazoezi yatakayofuata, na siku nitakapoyaanza anipishe kwenye ngazi.

Shangazi yako